Pembe ya Ukuta

Korogwe,
Jumatatu, 22 Aprili 2024

Mzee Muhidini, shikamoo.

Kadi uliyoitoa kwenye mashine nimeipokea leo stendi kwa kondakta, kavu kabisa. Asante. Ndani ya bahasha hii kuna kadi tupu ya kuingiza, kama kawaida yetu ya kila wiki ya pili, na majani ya chai kutoka nyumbani Bungu. Hayo ni yako, usimpe kondakta.

Umeniuliza tena mashine inasikiliza nini shimoni, maana majirani wanakuuliza na umechoka kuwajibu "mambo ya chuo". Waambie hivi. Jua linatoa upepo, si huu wa kupeperusha pumba, ni vumbi jembamba lenye umeme. Upepo huo unaipiga ngao ya sumaku inayoizunguka dunia, huko juu sana kuliko ndege zinakoruka. Ngao ikipigwa, mistari yake inatikisika kama kamba ya kuanikia nguo mtu akiigusa, na mtikisiko unashuka mpaka ardhini kwetu. Unapanda na kushuka taratibu, kila baada ya nusu dakika au dakika nzima. Hayo ndiyo mapigo. Huwezi kuyahisi, lakini mashine inayaandika, na inaandika yanacheza kuelekea upande gani. Huo upande ndio kazi yangu yote, kwa sababu unanieleza mapigo yamezaliwa wapi huko juu.

Ndiyo maana ule mshale kwenye kichwa cha kipimo, hicho kilichomo shimoni, lazima uelekee kaskazini ya sumaku. Siku ile ulisema kaskazini yangu na kibla yenu ni upande mmoja. Nimepiga hesabu, ulikuwa karibu sana: kwa Handeni kibla inapita kaskazini kwa digrii kama nne tu, kuelekea mashariki.

Habari mbaya ni kwamba kituo changu cha pili, cha Kwashemshi, kimekufa. Mvua zimekata barabara na betri imelowa. Mpaka nipande tena, nina shimo lako peke yake. Katikati ya Julai nasimama mbele ya walimu kutetea kazi yangu, na nisipokuwa na cha kuwaonyesha naanza mwaka upya. Kwa hiyo nakukumbusha tena, nisamehe: jembe, baiskeli, simu, chochote chenye chuma, hatua ishirini kutoka shimoni. Na kichwa cha kipimo kisiguswe. Kikipata tatizo niite mimi.

Wako,
Loyce


Kijijini, Handeni,
6 Mei 2024

Binti Loyce, marahaba.

Kadi hiyo hapo. Chai nimeipata, ni nzuri, ila nyie watu wa milimani mnaikausha mno.

Mvua ya Jumamosi ilikuwa kubwa. Mashine ilizima kwa muda wa kama saa tatu, ni betri tu, nikafuta nyaya na ikawaka. Hakuna jingine. Mbuzi wa jirani nimemfukuza mara mbili kwa sababu ana kengele ya bati shingoni.

Muhidini Hiza


Kijijini, Handeni,
7 Mei 2024

Mwanangu Hafsa,

Natumaini huko Ngombezi hujambo na kazi ya kiwandani inaenda. Hapa tuko salama, ila kuna jambo nimelifanya na nakuambia wewe tu.

Jumamosi maji yaliingia kwenye shimo la Loyce. Nilipofika, kichwa cha kipimo kilikuwa kimelala ubavu kwenye tope. Aliniambia nisikiguse, nimwite. Ningemwita na nini? Huku mtandao haupo na barabara ilikuwa mto. Ningekiacha kingekufa. Nikakitoa, nikakikausha kwa kanga ya marehemu mama yako, nikachimba shimo jingine pale juu kwenye mihogo, karibu na msikiti.

Sasa mshale. Nisingeweza kupeleka dira, nimekatazwa vyuma. Basi nikafunga kamba ya katani kwenye ukuta wa ubavuni wa msikiti, ule unaokwenda sawasawa na kibla, nikaivuta mpaka shimoni na kulaza mshale juu yake. Babu yako alijenga ukuta ule kwa mikono yake. Loyce mwenyewe amesema kibla yetu na kaskazini yake ni karibu kitu kimoja, kwa hiyo sijaharibu kitu. Vijana kina Faraji wanaotembea na simu zenye dira wanasema msikiti umepinda. Nimewaambia zilizopinda ni simu zao.

Loyce sijamwambia. Nikimwambia nimekigusa atampa mtu mwingine kazi hii. Hafsa, mimi ni muadhini na mkulima wa mahindi, hakuna aliyewahi kuniletea kitu cha kisomi nikitunze. Naipenda kazi hii. Usimwambie.

Baba yako


Korogwe,
Jumatatu, 20 Mei 2024

Mzee Muhidini, shikamoo.

Leo nimechelewa kula kwa sababu ya kadi yako. Kati ya tarehe kumi na kumi na mbili mwezi huu jua lilitupiga na dhoruba ambayo wataalamu wanasema haijaonekana kwa miaka mingi. Nchi za mbali watu walitoka nje kutazama anga jekundu. Sisi huku hatukuona kitu, lakini shimo lako limeandika yote, mapigo juu ya mapigo, na hakuna sekunde iliyopotea.

Kuna jambo ambalo sikulitegemea. Miezi yote mapigo yamekuwa yakicheza karibu kaskazini na kusini. Sasa yameinama, karibu digrii ishirini. Yaani dhoruba imeugeuza upande wa mapigo. Sijasoma popote kwamba imetokea hivyo hapa kwetu. Kitu kimoja kinanisumbua kidogo: mgeuko umeanza tarehe nne, siku sita kabla ya dhoruba yenyewe. Nadhani jua lilikuwa limeshaanza kutusukuma mapema. Mashine ikizima na kuwaka huanza kuhesabu kutoka sifuri, kwa hiyo siwezi kulinganisha ya kabla na ya baada kwa njia nyingine.

Hii ndiyo itakuwa sura kubwa ya kazi yangu. Nimefurahi, Mzee, nimefurahi mpaka nimempigia mama Bungu nikamweleza na hakuelewa kitu, akasema Mungu ni mwema.

Loyce


Ngombezi,
26 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Jana nimekutana na Loyce sokoni Korogwe. Hakununua kitu, alinishika mkono kwenye nyanya akanieleza habari za jua na digrii ishirini mpaka muuza nyanya akatuomba tusogee. Anasema mapigo yamegeuka tangu tarehe nne. Baba, tarehe nne ilikuwa Jumamosi ya mvua.

Mimi ni mtu wa mashine za katani, sijui mambo ya anga, lakini hata mimi najua kitu kikigeuka siku ambayo mtu amekigeuza, aliyekigeuza ni huyo mtu.

Wewe ndiye ulinichapa kwa sababu ya vijiko viwili vya sukari, na hukunichapa kwa sukari, ulisema ni kwa uongo. Sasa wewe akuchape nani? Mwambie kabla hajasimama mbele ya watu. Akisimama nalo halafu likaanguka, ataanguka nalo.

Nakupenda lakini sijafurahi.

Mwanao,
Hafsa


Korogwe,
Jumatatu, 10 Juni 2024

Mzee Muhidini, shikamoo.

Kadi ya safari hii ndiyo imekamilisha habari yote. Mgeuko umekwisha. Tarehe 30 Mei asubuhi mapigo yamerudi kucheza kaskazini na kusini kama zamani. Kwa hiyo nina mwanzo, nina kilele na nina mwisho.

Daktari Deogratius, msimamizi wangu, ni mtu wa kushuku. Ameniuliza kwa simu, "Una hakika hakuna mtu aliyegusa kichwa cha kipimo?" Nimemwambia simfahamu mtu mwangalifu kuliko Mzee Muhidini, na kama Mzee angegusa angeniambia siku hiyo hiyo. Akasema basi, kama unamwamini kiasi hicho endelea.

Nasimama tarehe 15 Julai. Jina lako liko kwenye ukurasa wa shukrani, juu ya la Daktari.

Loyce


Kijijini, Handeni,
12 Juni 2024

Binti Loyce,

Barua hii haisubiri kadi. Nimeipeleka mwenyewe mpaka Handeni mjini nikamkabidhi dereva.

Nimegusa. Tarehe nne Mei maji yaliingia shimoni, nikakihamisha kipimo kwenye shimo jingine, na mshale nikaulaza kwa kamba iliyofuata ukuta wa msikiti. Nikakuandikia kuwa ni betri. Si dhoruba iliyogeuza mapigo yako, ni mimi.

Hafsa alinihimiza nikuambie. Badala yake nikafanya ujinga wa pili. Tarehe 30 shimo la zamani lilikuwa limekauka, nikakuta tofali lako la kuwekea kipimo, lenye ule mstari wa kaskazini ulioukwaruza, nikakirudisha kipimo juu yake kama ulivyokiacha. Shimo la pili nimelifukia na kupanda mihogo, ili usione. Nilidhani nikikirudisha mambo yatakwisha yenyewe. Kumbe nimekupa mwisho wa hadithi ya uongo.

Ulipoandika kwamba umenitolea ushahidi kwa mwalimu wako, nilishindwa kumaliza chakula. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Njoo uchukue mashine yako. Nisamehe ukiweza.

Muhidini Hiza


Korogwe,
Jumatatu, 17 Juni 2024

Mzee Muhidini, shikamoo.

Nimekasirika na sitaficha. Siku mbili sikuweza kukuandikia. Nimempigia Daktari Deogratius na kumweleza. Akasema, "Afadhali sasa kuliko Julai." Nimekasirika na nafsi yangu pia. Tarehe nne ilikuwa mbele ya macho yangu, nikaitafutia sababu kwa kuwa niliutaka huo mgeuko.

Mashine siichukui. Kama usingekitoa kipimo kwenye maji, leo nisingekuwa na dhoruba yoyote, si iliyopinda wala iliyonyooka.

Maana dhoruba bado ipo. Mapigo uliyoyaandika ni ya kweli, yamepimwa kwa mshale ulioelekea pengine, basi. Nikijua ulielekea digrii ngapi, nayageuza yote kwa hesabu yakarudi mahali pake, na nina rekodi ya dhoruba ambayo hakuna mwenzangu aliye nayo. Lakini pembe hiyo iwe imepimwa. Nikikisia, walimu wataitupa. Shimo la pili umelifukia, Kwashemshi kilikuwa kimekufa, kwa hiyo kitu pekee duniani kinachojua mshale ulielekea wapi ni ukuta wa msikiti.

Naweka dira kwenye bahasha hii. Usipime ukiwa karibu na ukuta, bati za paa na nondo zitaivuta sindano. Vuta kamba kufuata ukuta mpaka uwanjani, hatua thelathini kutoka kwenye jengo, vua saa na uache funguo. Weka dira chini juu ya ardhi tupu. Pima mara tatu, uniandikie namba tatu.

Loyce


Kijijini, Handeni,
24 Juni 2024

Binti Loyce,

Kadi hiyo hapo. Mashine haijaguswa.

Dira nimeiweka juu ya kabati na sitaitumia. Nakueleza kwa nini ili usidhani nimekupuuza. Mapigo yako yaliinama digrii kama ishirini. Kibla, kwa hesabu yako mwenyewe, inatakiwa nne. Sikusoma sana, lakini kutoa nne kwenye ishirini najua. Unaniomba nikaandike kwa mkono wangu kwamba baba yangu alikosea kibla.

Baba yangu, fundi Hiza, ndiye aliyenifundisha adhana. Alijenga msikiti ule na watu tisa. Watu wamesali humo miaka hamsini na mbili. Na si kusali tu. Kwetu mtu anazikwa akielekezwa kibla, na makaburi yote pale nyuma yamechimbwa kwa kufuata ukuta ule. Baba amelala hivyo. Fatu, mke wangu, amelala hivyo, nilishuka kaburini mwenyewe nikamgeuza uso. Kina Faraji wakipata namba hiyo, mimi nitawaambia nini waliolala?

Kosa langu ni langu, nimekubali. Hili la baba usinitake.

Muhidini Hiza


Korogwe,
27 Juni 2024

Mzee Muhidini, shikamoo.

Habari za makaburi sikuzijua. Nisingekuandikia kirahisi vile, kama mtu anayeomba kupimiwa meza. Nisamehe.

Sitakuomba tena. Sura ya dhoruba nimeitoa. Nimemwandikia Daktari kwamba sitasimama Julai, naomba mwaka mwingine nikusanye upya. Nimelia kidogo, sasa nimemaliza, nakwenda Kwashemshi Jumamosi kubadilisha betri. Tuendelee na kadi zetu.

Hata kama ungepima, nisingeandika jina la mtu. Ningeandika "ukuta wa zamani" na kuishia hapo. Nakuambia hivyo ili ujue sikutaka kumwaibisha mzazi wako.

Loyce


Kijijini, Handeni,
Jumapili, 7 Julai 2024

Mwanangu Loyce,

Ishirini na moja. Ishirini na moja. Ishirini na nusu. Mashariki ya kaskazini. Tumepima kama ulivyosema, hatua thelathini, bila saa wala funguo. Imamu Hashim ameshika ncha moja ya kamba, mimi nyingine, na Faraji ndiye aliyesoma dira kwa sababu macho yangu hayaoni vistari vidogo. Alisoma bila kucheka. Wakati huo nilimpenda.

Nikueleze kilichonibadilisha nia. Barua yako ya kwanza ya dira niliirudia mara nyingi, pale uliposema bati na nondo huvuta sindano, na kwamba dira iwekwe kwenye ardhi tupu. Nilikuwa na miaka minane msikiti ulipopimwa. Baba aliazima dira kwa bwana mmoja wa shamba la mkonge, akaambiwa ni kitu cha gharama, isiguse udongo. Nakumbuka vizuri kabisa alivyofanya. Alilipindua karai la zege, akalifuta kwa shati lake, akaiweka dira juu yake. Karai la chuma, Loyce. Alikuwa mwangalifu mno, na uangalifu wenyewe ndio uliompoteza. Nilikaa kitandani nikalia, sijui kama ni kwa huzuni au kwa kupata nafuu.

Ndipo nikamfuata imamu. Nilimwambia yote, uongo wangu kwako, kamba, karai. Akasema waliosali wamesali na waliolala wamelala salama, kwa kuwa kila mmoja alielekea alikojua, na hatufukui mtu. Ijumaa aliwaeleza watu. Wazee wawili walitoka nje, mmoja amerudi jana. Mikeka tumeitandika upya, tunasimama tumegeukia kushoto kidogo na ukuta umebaki palepale. Imeniwia vigumu. Mwili umezoea, kila rakaa najikuta nimerudi kule kwa baba.

Imamu ameweka mhuri wa msikiti kwenye karatasi ya namba, hii hapa, walimu wako wasiseme umekisia. Hafsa amekuja nyumbani, atakuletea mwenyewe kesho asubuhi, sijaiamini stendi. Zimebaki siku nane. Mwandikie Daktari kwamba unasimama.

Na kile ulichoniahidi, usikifanye. Usiandike "ukuta wa zamani". Andika kwamba pembe ilitoka kwenye ukuta wa Hiza Mnkondo, fundi, wa Handeni, uliojengwa mwaka 1972, na kwamba aliyeupima ni mwanawe.

Muhidini Hiza